Adabu za Kuingia Matangani kwa Mtu Asiyezaliwa

Umealikwa chakula cha jioni. Umefika na mfuko wako wa matunda, mlango umefunguliwa na mwenyeji mwenye macho mekundu, na sebuleni wamekaa watu wanne au watano wasiosemezana. Kwenye runinga majina ya waigizaji yanapita juu ya weusi mtupu, na hakuna muziki. Tafadhali usinyooshe mkono kwenye rimoti. Sauti haijaharibika. Umeingia msibani.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe usiyejua Dalek ni nani na Cyberman ni nini, na ambaye kwa sababu za ndoa, urafiki au njaa umejikuta kati ya wapenzi wa kipindi cha runinga cha Doctor Who siku ambayo mwandani, yaani msafiri mwenza wa Daktari wa kipindi hicho, amekufa. Gharama ya kuuandika nimeilipa mwenyewe. Nami niliwahi kuingia sebule kama hiyo nikauliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani si mtu wa kwenye runinga tu?" Chakula nilipewa. Nilikila peke yangu, jikoni, nimesimama.

Basi lianze hilo. Hakuna hata mmoja pale anayehitaji kuambiwa kwamba marehemu hakuwahi kuzaliwa. Wanalijua jina la mwigizaji, wanajua ameigiza wapi kabla ya hapo, na wengine walijua miezi mingi nyuma kwamba anaondoka. Tangu utotoni kila mmoja wetu amejua kwamba sungura hasemi, na bado hatujawahi kumkatiza bibi katikati ya hadithi kumweleza hivyo. Anayekatiza ndiye anayeonekana hana akili.

Pili, elewa kwa nini ni mwandani anayeliliwa. Kipindi hiki kilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, na mwenyewe Daktari si binadamu. Ana mioyo miwili, anasafiri katika nyakati zote kwa kibanda cha polisi cha rangi ya buluu ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na saa yake ikifika hafi, anageuka sura. Hila hiyo ilibuniwa mwaka 1966 wakati afya ya William Hartnell, Daktari wa kwanza, ilipozorota, nayo imekifanya kipindi kiishi miongo na miongo. Lakini asiyekufa hatutii hofu. Anayetutia hofu ni yule aliyeokotwa njiani, anayeuliza maswali ambayo sisi tungeuliza, anayekimbia kwa miguu ya kawaida na ana moyo mmoja. Kiti cha mtazamaji ndani ya kibanda kile ni kiti cha mwandani. Siku kinapoachwa tupu, hata wewe uliyekuja kwa ajili ya wali utajiona umesimama.

Sasa tuje kwa marehemu mwenyewe, maana katika misiba yote ya ukoo huu mmoja ndio unaotajwa kwanza: wa Adric.

Adric alikuwa kijana wa sayari ya Alzarius, bingwa wa hesabu, na beji ya ubingwa wake aliivaa kifuani kila siku asije mtu akasahau. Alijua kila kitu na alikisema. Alinuna. Watazamaji wengi hawakumpenda, na ukitaka kumjua shabiki mkweli mtazame akisikia jina hilo: atafumba macho kidogo, kama mtu aliyekumbushwa binamu aliyekuwa akimaliza kitoweo. Aliyemwigiza, Matthew Waterhouse, alikuwa mpenzi wa kipindi kabla ya kuingia ndani yake, na alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alipopewa nafasi ambayo nusu ya vijana wa Uingereza walikuwa wakiiota. Huenda lawama nyingine zilitokana na hilo. Wivu nao huja matangani, tena hukaa mkeka wa mbele.

Jumanne, tarehe 16 Machi 1982, ilirushwa sehemu ya nne ya kisa kiitwacho Earthshock. Adric amebaki peke yake katika meli ya mizigo ya angani ambayo Cybermen, maadui wa Daktari, wamefunga usukani wake kwa fumbo la mantiki, ili ielekee duniani na kuigonga. Angeweza kuondoka. Alirudi, kwa sababu aliamini amekaribia jibu. Meli imeruka nyuma katika nyakati, miaka milioni 65, na Adric anafumbua fumbo moja baada ya jingine, hadi Cyberman anayekufa anapoinua silaha na kuufyatulia mtambo. Kijana anabaki ameshika kipande cha kamba ya nduguye aliyekufa zamani, akijua kwamba sasa hatajua kamwe kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Meli inaanguka. Dinosauri wanakwisha. Beji nayo ilikwisha kuvunjika, kwa sababu Daktari aliitumia dhahabu yake kumsagia Cyberman kifuani.

Halafu ule ukimya. Muziki wa kufungia wa Doctor Who anaujua kila mtoto wa Kiingereza, na usiku ule haukupigwa. Majina yalipita juu ya vipande vya beji, kimya, mpaka mwisho. Hapo ndipo utakapoona jambo la ajabu ambalo mwongozo huu hauwezi kukueleza likaisha. Waliokuwa wakimzomea kijana yule kwa misimu miwili walinyamaza pia. Baadhi walishangilia, hilo nisikufiche, na hadi leo wapo wanaojisifu kwamba walishangilia. Wasikilize kwa makini. Watakusimulia walikaa wapi, nani alikuwepo chumbani na chakula kilikuwa nini. Mtu haweki kumbukumbu ya namna hiyo kwa jambo lisilomgusa.

Kosa ambalo wafiwa hawajalisamehe si kifo hicho. Ni wiki iliyofuata. Kisa kipya kilianza Jumatatu, tarehe 22 Machi, na ndani ya kibanda wandani wawili waliobaki walimwomba Daktari arudi nyuma akamwokoe mwenzao. Alikataa, akasema kuna sheria ambazo hata yeye havunji. Sawa. Lakini dakika chache baadaye alipendekeza waende London ya mwaka 1851 kuangalia Maonyesho Makubwa, na wote wakachangamka. Kwa desturi zetu tanga huanuliwa baada ya siku tatu. Hili lilianuliwa kabla chai haijapoa, na wenyewe wakaenda kwenye maonyesho. Ukitaka kumfariji shabiki wa rika fulani, lilaani jambo hilo. Atakusogezea kiti.

Kuna mtego mwingine mdogo, nitaupitia haraka. Usiseme kwamba Adric ndiye mwandani wa kwanza kufa. Yuko mzee pembeni ambaye amekuwa akikusubiri useme hivyo. Atakutajia Katarina, kijakazi wa Troya aliyetupwa angani Desemba 1965, na Sara Kingdom aliyezeeka akawa vumbi Januari 1966, wote ndani ya kisa kimoja kirefu cha Dalek, maadui wengine wa Daktari. Kijana aliye mbele atajibu kwamba hao hawakukaa muda wa kutosha kuitwa wandani. Hapo itafumuka kesi ya mirathi: nani ni wa nyumba hii na nani alikuwa mgeni tu. Wewe chukua sambusa. Mwigizaji wa Katarina, Adrienne Hill, alirekodi kifo chake kabla ya kitu kingine chochote, na ukilitaja hilo kwa sauti ya chini pande zote mbili zitakuheshimu.

Hatari kubwa zaidi kwa mgeni wa siku hizi ni kutoa pole mapema. Tangu kipindi kiliporudi mwaka 2005, wandani wamekuwa na tabia ya kufa bila kumaliza. Rose Tyler, mwaka 2006, alitutangazia mwenyewe kwamba hiki ni kisa cha kufa kwake, na kumbe jina lake tu ndilo lililoandikwa kwenye orodha ya wafu. Mwenyewe alikuwa mzima katika ulimwengu mwingine. Rory Williams amekufa mara nyingi hivi kwamba ukimwona mtu analia kwa ajili yake ni haki kabisa kumuuliza, "Ya ngapi hii?" Lakini hodari wa wote ni Clara Oswald. Tulimwona akifa mara mbili, kwa majina na nyakati tofauti, kabla hata hajaanza safari rasmi. Kisha, tarehe 21 Novemba 2015, aliingia barabarani kwa miguu yake kumkabili kunguru wa mauti, kwa sababu alijichukulia hukumu ya mtu mwingine akidhani kuna mlango wa kutokea. Hakukuwa na mlango.

Watu walilia. Nami sikuwa mbali na kitambaa. Wiki iliyofuata Daktari alifungiwa katika ngome, akapiga ngumi ukuta mgumu kuliko almasi kwa zaidi ya miaka bilioni nne, na sijui mfiwa mwingine aliyekataa kufarijiwa kwa muda huo. Wiki ya pili yake, akamchomoa Clara katikati ya pigo moja la moyo na lile lifuatalo, na mwisho wake binti akapanda kibanda chake mwenyewe akaenda kutembea.

Hapa wafiwa hugawanyika, tena vibaya. Wapo waliofurahi kama waliorudishiwa mtoto. Wapo waliojihisi wametapeliwa, kwa sababu walikwisha toa machozi na hakuna anayerudisha chenji. Mwongozo hautakiwi kuwa na upande, lakini huu unao: niko na waliotapeliwa. Adric, kijana aliyekuwa hapendwi, amekumbukwa vizuri kwa sababu waliomuua walikuwa na adabu ya kumwacha afe. Na hata hapo uvumilivu wa watu una kikomo. Mwaka 2008 Big Finish, kampuni ya michezo ya kusikiliza, ilimrudisha akiwa mzee aliyeponea chupuchupu na kuwa mfalme wa nge wakubwa, kwa sauti ya Andrew Sachs. Wapo wanaoukubali mchezo huo. Usiwatafute.

Safari yako ikikufikisha Cardiff, mji ambamo sehemu kubwa ya kipindi hiki imepigwa picha, utahitaji adabu za makaburini. Kwenye ghuba, Mermaid Quay, kuna ukuta wa mbao uliofunikwa barua, michoro, maua ya plastiki na picha za kijana aliyevaa suti nadhifu. Huyo ni Ianto Jones wa Torchwood, kipindi kilichozaliwa na Doctor Who. Alikuwa mtunza ofisi na mpika kahawa, kisha mpenzi wa Kapteni Jack, mtu asiyeweza kufa. Julai 2009 hadithi ya usiku tano mfululizo ilimuua usiku wa nne, kwa virusi vilivyoachiwa hewani, mikononi mwa Jack. Wapenzi wake walikusanyika pale kwa sababu mlango wa siri wa ofisi yake ya kubuni ulikuwa hapo, na kwa miaka mingi hawakuondoka. Kibao kipo. Watalii wasiojua chochote husimama, huvua kofia, kisha huulizana alizama lini.

Waombolezaji wa Ianto walifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Walichangishana fedha kwa mfuko wa BBC wa kusaidia watoto, kwa jina la marehemu, na wakaitumia BBC yenyewe kahawa ili arudishwe. Lakini pia wako waliowaandikia watunzi maneno ambayo mtu hamwandikii hata aliyemgonga mbuzi wake. Hilo nalo lijue: kila msiba hutafuta mchawi, na msiba wa aina hii una mchawi anayejulikana kwa jina, limeandikwa mwanzoni mwa kipindi. Kama mwenyeji wako anaanza kuandika barua, mfichie kalamu mpaka asubuhi. Mtunzi alifanya kazi yake. Machozi yale ndiyo stakabadhi.

Basi ufanyeje, ukiwa umesimama pale mlangoni na matunda yako? Wahenga wamekurahisishia: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Keti. Subiri majina yaishe. Atakayezungumza kwanza asiwe wewe. Akisema, "Hata sikuwa nampenda," usimjibu, maana hiyo ndiyo hitima yake. Ukibanwa useme chochote, uliza alianza kumwona lini. Swali hilo litawachukua mpaka chakula kipashwe moto.

Swali moja tu ninakukataza kabisa, nalo ni lile litakalokujia lenyewe ukishaelewa kisa cha Adric: je, hesabu yake ilikuwa sahihi? Maana kama ilikuwa sahihi na mtambo usingepigwa, meli isingeanguka, dinosauri wasingekufa, na sisi tusingekuwepo kumwombolezea. Niliuliza hilo mara moja, baada ya kusamehewa lile la kwanza. Mmoja aliinuka akaleta daftari. Saa nane za usiku tulikuwa bado mezani, watu wazima sita, na wali ulikuwa umeganda sufuriani.