Alama Nne za Kuuliza kwa Mstari Mmoja

Vijana wanaoandika programu huku Eastlands wanaamini kwamba mstari mfupi ndio ushahidi wa akili. Sijui waliambiwa na nani. Mpwa wangu anaishi Umoja, ghorofa ya juu kabisa, jengo halina lifti, na kwa ngazi anazopanda kila jioni ungedhani ameshajua faida ya kwenda hatua kwa hatua. Wapi!

Amemwandikia mwenye karakana mmoja pale Kariobangi Light Industries programu ya mishahara, kwa lugha ya Ruby. Sikatai, kazi ni kazi, na mafundi wanaochomelea vyuma kutwa wanastahili kujua wamekatwa nini. Kinachoniudhi ni kwamba programu ikigoma mwisho wa mwezi anayetolewa Buruburu ni mimi, eti mimi ndiye mtu mzima anayejua kompyuta.

Nikafungua sehemu ya PAYE. Tangu Julai 2023 kodi hiyo ina ngazi tano: shilingi 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, kutoka hapo hadi 500,000 asilimia 30, hadi 800,000 asilimia 32.5, na kinachozidi asilimia 35. Karatasi ya ada iliyobandikwa kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa inakuonyesha mambo haya huandikwaje: kiasi huku, makato kule, na mteja anasoma akiwa amesimama. Mpwa wangu ngazi hizo tano ameziweka zote kwenye mstari mmoja wenye alama nne za kuuliza, kila sharti limo tumboni mwa jingine.

Nikampigia simu.

"Anko, hiyo ni tenari. Iko safi."

"Jina lake nalijua. Nauliza asilimia 32.5 iko wapi."

Kimya.

"Iko humo ndani tu, Anko."

Tenari yenyewe sina ugomvi nayo. Kama kuna mambo mawili tu, fundi amefanya ovataimu au hakufanya, itumie, inasomeka. Yakizidi mawili, panga if zako wima, kila moja na mstari wake. Na pale ambapo if zote zinauliza swali moja tu, kwamba mshahara ni kiasi gani, hata hizo if ni kelele. Weka jedwali, kitanzi kimoja kilipitie, basi.

Tena hapa kwetu sheria haitulii. Kabla ya 2023 kila kilichozidi 32,333 kilikatwa asilimia 30. Bunge lilipoongeza ngazi mbili juu, mwenye jedwali aliandika mistari miwili akaenda zake kunywa chai. NHIF, ile ya bima ya afya, nayo ilikuwa na vikundi vyake, kutoka shilingi 150 hadi 1,700; Oktoba 2024 ikaja SHIF, asilimia 2.75 isiyopungua shilingi 300. Hesabu ya mstari mmoja! Lakini msururu wa NHIF bado nimeukuta, na juu yake maoni ya neno moja: USIGUSE.

Kilichowagombanisha mafundi, hata hivyo, si kodi; ni neno unless, yaani "isipokuwa". Lugha ya Perl ya Larry Wall, ya 1987, ilikuwa nalo, na Ruby nayo inalo. Ni kifaa kizuri kikiachwa peke yake: mlipe, isipokuwa ameshalipwa. Mwongozo wa mtindo wa wana-Ruby unakataza kabisa kukiambatanisha na else. Mpwa wangu amekiambatanisha, halafu akatia ukanusho ndani, ikawa hivi: isipokuwa si kweli kwamba hayupo, mlipe, vinginevyo usimlipe. Soma polepole. Soma tena. Aliyekuwa kwao Murang'a akapata pesa ya siku ambazo hakuja, na aliyeshinda kwenye moto wa welding akapata sufuri.

Nikaifuta, nikaandika: kama yupo, mlipe. PAYE nikaihamishia kwenye jedwali, tarakimu zote kama nilivyozikuta. Mpwa alipofika, jambo la kwanza alilosema ni, "Anko, sasa imekuwa ndefu."

Mwenye karakana alikuwa amesimama nyuma yetu, miwani ya kuchomelea iko kichwani. Hajawahi kuandika programu. Akanyoosha kidole chenye grisi hadi kikagusa skrini yangu.

"Kijana, huu mstari wa pili mbona ni 20? Si KRA wanasema 25?"

Mpwa akanitazama. Nikamtazama.

"Mimi nimehamisha tu," nikasema.

"Ilikuwa humo kwenye tenari," akajibu, sauti imeshuka.

"Tangu lini?" akauliza mwenye karakana. "Na hiyo tofauti sasa tutamkata nani?"