Kutoka Umoja Hadi Wasini: Mwongozo wa Kwenda Kisiwani Bila Kukisumbua

Chagua wenzako kabla ya kuchagua tarehe. Chama kinachochanga kila Jumapili huko Umoja au Buruburu kinatosha, na mweka hazina awe yule ambaye hata kumkopa nauli ni kazi. Yule rafiki asiyeweza kukaa dakika tano bila muziki naye aje, tena mpeni kiti cha dirishani. Spika yake ndiyo ibaki Kayole. Mnakwenda kuwaona pomboo, na pomboo huishi kwa kusikia: kwa sauti ndivyo wanavyowinda, na kwa sauti ndivyo wanavyoitana.

Kisiwa chenyewe ni Wasini, kusini kabisa mwa pwani yetu, mkabala na Shimoni katika Kaunti ya Kwale. Hakina barabara ya magari, kwa hiyo mtu aliyezoea kuvuka Outer Ring kwa mbio atahitaji muda kidogo kuizoesha miguu yake mwendo wa kawaida. Ng'ambo yake baharini kuna Hifadhi ya Kisite, kilomita 28 za mraba, ambako hakuna ruhusa ya kuvua chochote, na Mpunguti, kilomita 11, ambako wavuvi wa jadi bado wanaruhusiwa. Nendeni wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, maji yakiwa matulivu na maangavu. Kusi likivuma, wengi wenu mtaiona sakafu ya mashua tu.

Usafiri si kitendawili. Treni ya mjini inapita Makadara kuelekea Syokimau, na huko ndiko inakoanzia Madaraka Express ya Mombasa. Ukifika Tsavo weka simu chini utazame nje, maana tembo wa pale wamepakwa udongo mwekundu mwili mzima. Kutoka Miritini ni Likoni, Ukunda, kisha Shimoni. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni.

Kuhusu mizigo nitasema kwa kirefu, maana hapa ndipo sisi wa Eastlands tunapohusika zaidi ya tunavyodhani. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu tarehe 5 Juni 2020. Beba chupa ya kujaza tena. Usidhani sheria hiyo ni ya watu wa pwani pekee. Mto Nairobi unapita kando ya dampo la Dandora, unaingia Athi, Athi inageuka Galana, Galana inageuka Sabaki, na Sabaki inamwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Mfuko wa maziwa uliotupwa mtaroni Kariobangi una safari yake ya pwani, tena bila tiketi. Huko Lamu mafundi walikusanya taka za plastiki na malapa yaliyookotwa, wakaunda jahazi zima, Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kazi nzuri sana ile, lakini ingependeza zaidi mafundi wale wakikosa malighafi.

Gikomba ukatafute fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo. Itakukinga na jua bila kukulazimu kujipaka mafuta mengi yatakayobaki majini. Na ubebe leso: Wasini ni kijiji cha watu wenye heshima zao, na vazi la kuogelea linaishia kwenye mashua. Ukikutana na mzee, anza na shikamoo. “Niaje” itakungoja Nairobi.

Majini, vaa jaketi la kuelea, ulale kifudifudi, na mikono uiweke kifuani. Usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Yale si mawe, ni makundi ya wanyama wadogo mno wanaojenga polepole, na teke moja huvunja kazi ya miaka. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Yaliyopo leo yanastahili kuachwa yapumue. Mtafute pono, yule samaki wa rangi ya kijani na buluu mwenye mdomo kama wa kasuku. Tega sikio chini ya maji: kra, kra, kra. Anakwangua matumbawe, anayasaga, kisha anayatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Sehemu ya ufuo unaopigia picha imepitia tumboni mwake.

Pomboo wakijitokeza, mwambieni nahodha mapema, “Tusiwakimbize, baba.” Akizima injini wakaja wenyewe, mpeni bahashishi nzuri mbele ya manahodha wengine. Makombe yaacheni ufuoni. Kuna kaa asiye na gamba la kumtosha anayetafuta nyumba, na shida ya nyumba sisi tunaijua.

Mkirudi, shukeni Gazi, mtembee kwenye daraja la mbao la kina mama linalopita katikati ya mikoko. Hapo ndipo ulipoanza Mikoko Pamoja mwaka 2013: wanakijiji wanalinda na kupanda mikoko, wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yameleta maji katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Ndiyo, Makongeni, ila hii ni ya Kwale. Wa Makongeni yetu ya Jogoo Road akiwemo kundini, yeye ndiye atangulie kuwauliza wenyeji walivyopanga kamati yao, nani anashika hesabu na miche wanaipanda vipi. Maswali ya hivyo hujibiwa kwa furaha, na matatu za Ukunda hazikosi.