Ngeli za Karaha: Uainishaji wa Usumbufu wa Kulala Hemani

Taaluma ya kupiga kambi na familia bado haina sarufi. Wauzaji wa vifaa wamelisifu hema kwa kirefu, milango yake, madirisha yake, rangi yake, ilhali mlalaji hulitazama kwa dakika chache tu kabla tochi haijazimwa, kisha mgongo wake hushughulika na ardhi mpaka alfajiri. Makala haya yanapendekeza karaha zote za kambini zigawanywe katika ngeli, kama tulivyogawa nomino darasani, na kila ngeli itafutiwe tiba isiyouzidi mfuko wa mwalimu wa shule ya msingi. Uwanja wetu ni kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye kimo cha mita 2,300 hivi. Sampuli yetu ni familia ya Dar es Salaam katika likizo ya Julai.

Ngeli ya PA-KU-MU, ya mahali, ndiyo mama wa karaha zote. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Aliyeacha nyuzi 20 za usiku wa Dar anaweza kukuta nyuzi 5 ukingoni, naye kabeba shuka. Baba wa familia akianza kutetemeka huongeza blanketi juu. Hili ni kosa la upatanisho wa kisarufi: baridi iko chini, tiba imewekwa juu.

Kinacholinda joto la mwili ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi au vitundu. Duveti au mfuko wa kulalia ukibanwa na mgongo hutoa hewa yake, na upande wa chini hubaki kitambaa kitupu. Godoro la kujaza upepo nalo huwadanganya wengi. Hewa imo tele lakini haitulii. Huzunguka, ikichukua joto la mgongo na kulikabidhi kwa udongo. Wataalamu wana kipimo cha uwezo wa godoro kuzuia baridi, wanakiita R, na kwa kipimo hicho godoro la upepo tupu, hata likiwa nene kama kitanda cha hoteli, laweza kushindwa na kipande chembamba cha sponji.

Tiba, basi, ianzie chini. Maboksi yaliyokunjuliwa, ambayo mwenye duka atakushukuru kwa kumpunguzia, yatandikwe mwanzo. Juu yake mkeka au jamvi, kisha sponji; mabaki yake yapo kwa mafundi wa makochi, nao wa Keko, Dar, hawana sababu ya kukuuzia kwa bei ya godoro zima. Mwenye godoro la upepo asilitupe, alifunike kwa sponji au blanketi zito kabla ya kulilalia. Watu wawili wenye mablanketi mawili walalie moja, wajifunike lingine, hata kama ndoa itapinga. Kofia za sufu, soksi na majaketi ya baridi yaliyotoka kwa Wazungu yanasubiri katika soko la mitumba la Karume, hapohapo Dar, au la Memorial kwa wanaopitia Moshi, ambako pia kuna wanaokodisha vifaa vya wapanda mlima. Kununua mfuko wa kulalia wa kutumia mara moja kwa mwaka naona ni ufujaji, na nitalitetea hilo mbele ya jopo lolote.

Chupa ngumu ya maji moto iliyovishwa soksi, ikiwekwa katikati ya mapaja, hufanya kazi ya heta. Jiko la mkaa haliingii katika orodha hii. Hapa mzaha unasimama: mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala nalo hemani hufa bila kuamka. Hata lililoonekana kuzimika libaki nje.

Ngeli ya YA-YA ni ya maji. Ya juu yanajulikana, na tiba yake ni turubai na kamba. Ya chini huletwa na mtandikaji mwenyewe: turubai la kuwekwa chini ya hema likizidi ukubwa wa hema, kingo zake hukinga mvua na kuipeleka taratibu chini ya walalao. Likunjwe ndani, lisionekane. Ya tatu hutoka vinywani. Watu watano waliofunga kila zipu hupumua mvuke usiku mzima, unageuka matone kwenye paa, na asubuhi fundi wa hema analaumiwa bure. Acheni dirisha wazi kidogo. Familia zetu huamini kwamba upepo huleta kichomi, kwa hiyo baba afungue baada ya bibi kusinzia.

Ngeli ya A-WA ina mbu, tembo na ndugu. Mbu ni shida ya nyanda za chini, Saadani kwa mfano, wala si ya ukingoni. Huko chini chandarua cha nyumbani kinatosha. Tembo huingia Simba wapendavyo, maana kambi haina uzio, kwa hiyo chakula kilale garini na ndizi zisifichwe chini ya mto. Ndugu hawana tiba. Watoto wawekwe katikati, na shemeji anayekoroma apewe hema lake, hata la kuazima.

Ngeli ya U-I ina mwanachama mmoja tu: mkojo. Baridi hubana mishipa ya damu ya ngozini, damu hurudi ndani, na figo huongeza kazi. Ndiyo maana mtoto aliyekwenda msalani saa tatu huomba tena saa nane. Msala uko mbali, giza ni nene, na nyati hawajatangaza ratiba yao. Vitabu vya safari vinalinyamazia jambo hili kwa adabu isiyomsaidia mtu. Kifaa chenye thamani kuliko vyote vilivyotajwa hapa ni ndoo yenye mfuniko, iwekwe kwenye kibaraza cha hema, nyuma ya khanga iliyotundikwa. Ya lita 10 inatosha familia ya watu watano mpaka asubuhi. Ya lita 20 ni majivuno.