Sifa za Taa Inayokonyeza

Taa iliyokufa haina mazungumzo. Inayowaka sawasawa nayo inamulika tu, kama askari wa zamu. Mimi nazisifu taa za pikapu yangu ya mwaka 1991, zinazokonyeza.

Zina adabu kwanza. Usiku, barabara ya Segera kwenda Tanga, kila lori linalokuja hupata shikamoo yake, na malori hayana kiburi, yanaitikia kwa fuli. Na kwa kuwa kwetu kukonyezana taa ni kuambiana kwamba mbele kuna trafiki, madereva hushuka hadi mwendo wa 50 hata porini. Kibao gani cha barabarani kimewahi kutiiwa hivyo?

Halafu zinasomesha. Ikikonyeza moja, shida ni yake peke yake: soketi ya balbu imeungua au waya wake umelegea. Zikikonyeza zote mbili, mchawi yuko njia ya pamoja, kwenye vichwa vya betri, swichi, rilei au alteneta. Zikifuata mguu wangu kwenye mafuta, nautazama mkanda wa feni, kaboni na regulata. Injini ikinguruma, betri ya volti 12 hutakiwa kusoma kama volti 14, si kupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Zikifuata mashimo, kuna kitu kimelegea, na kila shimo ni kipimo cha bure. Mwenye gari jipya atayajulia wapi haya?

Lakini uzuri wao hasa ni huu. Mbele ya fundi hazikonyezi. Anawasha, zinatulia tuli kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu, naye ananitazama mimi kana kwamba ndimi mwenye hitilafu. Kabla sijafika getini, zimeanza. Fundi wa kwanza alinibadilishia balbu, wa pili akaniuzia alteneta ya mtumba. Taa zilizipokea zawadi zote, zikaendelea na kazi yao.

Aliyezinyamazisha ni mzee mmoja wa Muheza. Aliziwasha, akagusisha mita kwenye hasi ya betri na kwenye bodi. Pale panatakiwa karibu na sifuri. Palisoma volti moja na nusu. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya kutu. Akafungua bolti, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza.

"Umeme nao unataka njia ya kurudi kwao, bosi," akasema.

Magharibi ikiingia nikaondoka, taa zimetulia, barabara nzima haina wa kunisalimia. Karibu na Hale lori moja likanikonyeza. Moyo ukafurahi, nikadhani ni mwenzangu wa zamani, nikampungia mkono, nikakanyaga mafuta. Trafiki alinionyesha namba kwenye kile kidude chake: 74. Nikalipa 30,000.