Benchi la Bafuni kwa Watu wa Nchi ya Baridi

Anayeoga Iringa mwezi wa Julai anastahili kukaa. Likubali hilo kwanza, ndipo ushike msumeno. Maji ya moto yako kwenye ndoo, mvuke unapanda, na baba mzima mwenye nyumba ya tofali za kuchoma amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, anasugua kisigino cha mguu wa pili. Akiteleza, sakafu ya saruji haina huruma. Na miti imetuzunguka! Sao Hill, pale Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini. Malori ya mbao hayaishi barabarani kwenda Dar es Salaam, huku bibi zetu wakiogea juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Anza na mbao. Ukifika Mafinga toa salamu ya "Kamwene" kwanza, bei baadaye. Utaonyeshwa misindano, mbili kwa nne na moja kwa nane, imepangwa mpaka juu. Ni mbao nzuri ya paa, lakini bafuni itaoza upesi. Ile ya kijanikijani iliyotiwa dawa nayo ikatae, hata ukiapiwa kwamba haiozi. Dawa ya namna hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na wewe utaikalia bila nguo, ngozi imelowa. Tafuta mninga, mkongo au mvule. Benchi halidai gogo zima: mafundi wa milango wana vipande vinavyobaki, na Mbeya unaweza kuulizia mninga wa miombo ya upande wa Chunya. Chagua sehemu ya kahawia, moyo wa mti. Ile nyeupe ya pembeni ni chakula cha wadudu na ukungu.

Muuzaji atakwambia, "Hii imekauka, mzee." Mshukuru, kisha ukazipange mbao kivulini na vijiti katikati, upepo upite. Ukianza Juni una kiangazi kizima mbele yako. Ubao mbichi utajikunja, na aliyekaa juu yake atalijua hilo kabla ya fundi.

Sasa shika jambo hili moja, mengine yote yanatoka humo: mbao haiozeshwi na maji yanayopita, inaozeshwa na maji yanayokaa. Ukungu unaoozesha huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ndani ya ubao. Kwa hiyo usiweke ubao mmoja mpana wa kukalia. Weka fito, na kati ya ufito na ufito uache nafasi ya karibu sentimita 1. Kingo zote ziviringe kwa randa, halafu msasa. Miguu iwe mbili kwa mbili, itanuke kidogo kwa chini ili benchi lisipinduke. Kitako cha mguu, pale ubao ulipokatwa, hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo kishibishe mafuta, kisha kivike raba ya tairi, ileile ya katambuga.

Viungo vichongwe kwa patasi, ulimi uingie tundu, na gundi iwe ya kustahimili maji. Fito zikazwe kwa skrubu zisizoshika kutu, kutokea chini. Misumari hapana. Msumari ukichomoza kichwa kwenye benchi la bafuni, unajua wenyewe utakapochoma. Kimo sentimita 45 kinawafaa watu wazima wengi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu ongeza 3 au 5, mradi nyayo zake zikanyage chini sawasawa.

Vanishi nene iache sebuleni. Ikipasuka, maji huingia yasipate pa kutokea. Paka mafuta ya linsidi, matabaka membamba, uache kila moja likauke. Matambara uliyopakia yatandaze nje; yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Kila mtu akimaliza kuoga alilaze benchi ubavu, mbali na kona. Kila wiki lisuguliwe kwa sabuni, utelezi usipate makazi. Ukiona mguu umeanza kulainika, kata sehemu hiyo mapema, punguza na mitatu mingine kwa kipimo kilekile, paka mafuta upya. Usingoje livunjike na mtu akiwa juu yake.