Balbu Inayozikwa Ingali Moto

Harusi nyingi huwa na kifo kimoja kinachotangazwa bila daktari. Bibi harusi yuko mlangoni, MC amekwisha kupandisha sauti, na mojawapo ya zile taa za jukwaani zenye kichwa kinachogeuka, muving hedi, inazungusha shingo vizuri kabisa lakini haitoi mwanga. Hapo kamati nzima, ambayo dakika tano nyuma haikujua hata swichi iko wapi, hutoa kauli moja: "Balbu imeungua." Mimi nasema kauli hiyo mara nyingi ni sawa na kumzika anayepumua. Balbu husingiziwa kwa sababu ndiyo pekee tunayoijua kwa jina. Nani amewahi kusimama ukumbini akalia kwamba feni imejaa vumbi?

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina undugu na upande wowote wa harusi. Chukua Philips Platinum 5R, balbu ya wati 189 inayokadiriwa kuishi saa 2,000. Ukumbi unaoiwasha Ijumaa na Jumamosi, kwa muda wa saa 6 kila usiku, utatumia saa 12 kwa wiki, na balbu itahitaji zaidi ya miaka mitatu kuzimaliza. Basi iliyonunuliwa karibu na Krismasi ikazimika kabla ya Pasaka haikufa kwa uzee: ama imeuawa, au haijafa. Wauaji wapo. Taa kongwe yenye balasti ya sumaku, iliyotoka Marekani ikiwa imepangwa kwa umeme wa hezi 60, ikichomekwa kwenye umeme wetu wa hezi 50 bila kubadilishwa, huinywesha balbu mkondo uliozidi kipimo. Ukibadilisha balbu tu, umemletea muuaji mgeni mwingine.

Sasa wale ambao hawajafa. Balbu hii haina uzi unaowaka kama ile ya chooni. Ni kichupa cha kwazi chenye gesi, na mwanga wake hutokana na cheche ya umeme kati ya ncha mbili. Huamshwa na kifaa kinachoipiga kwa volti elfu kadhaa, ndugu mkali wa stata ya tyubu, kisha balasti, ambayo ni choki iliyosoma, huushika mkondo usipande ovyo. Jenereta ikiyumba kidogo kwa sababu mtu amechomeka friji la soda, cheche hukatika. Tyubu za ukumbini hurudi mara moja, lakini balbu yetu hairudi, kwa kuwa gesi yake ingali moto, shinikizo ni kubwa, na zile volti hazipenyi mpaka ipoe kwa dakika kadhaa. Mota zikipata umeme tena huendelea na kazi, na kamati ikabaki ikitazama maiti inayocheza mduara. Wakati mwingine feni imezibwa na vumbi, swichi ya joto ikakata umeme wa balbu ili kuinusuru taa. Wakati mwingine balbu inawaka kabisa! Giza la katikati ya onyesho huletwa na kilango kinachoziba mwanga, wala si kwa kuzima balbu; kilango kikikwama, mfanyakazi yumo ndani amefungiwa mlango, na huku nje anahesabiwa mtoro.

Mwenye vyombo atapinga: wageni wanasubiri, kubadilisha balbu ni haraka kuliko kuchunguza. Si kweli. Ili kuibadilisha lazima uchomoe umeme na usubiri ipoe, maana kwazi ya moto yenye shinikizo inaweza kupasuka mikononi. Na katika kusubiri huko huko, ile ya zamani ingekuwa tayari kuwaka. Tena anayebadilisha kwa pupa huishika kwa vidole vilivyotoka kwenye sinia la pilau, na mafuta yakibaki kwenye kwazi huungua humo na kuidhoofisha. Mwingine atasema tununue taa za LED, mjadala uishe. Nazo zina feni, feni zina vumbi, na vumbi halijui kusoma maandishi ya boksi. Mwenye busara zaidi atauliza: kwani balbu hazifi? Zinakufa, lakini huacha ushahidi: kichupa cheusi au kilichovimba, mwanga unaotetemeka, kihesabu cha saa kilichopita makadirio. Hiyo itolewe hata kama bado inawaka, kwa kuwa balbu iliyozidisha umri inaweza kulipuka na kuharibu vioo vya ndani.

Kwa hiyo, wanakamati, kabla ya kuchangisha rambirambi, muulizeni fundi kama kilango kiko wazi na kama meza yake ya kuendeshea taa haijaiamuru balbu izimike. Kisha achomoe, asubiri, apanguse feni, ajaribu tena. Ikigoma, aihamishie balbu inayoshukiwa kwenye taa nzima; asipeleke balbu nzima kwenye taa inayoshukiwa, kwani hakuna anayempima mgonjwa kwa kumlaza mtu mwenye afya kitandani mwake. Ikiwaka huko, balbu haina kosa, na fedha iliyotengwa kununulia mpya inatosha brashi ya vumbi, na chenji itabaki.