Kabla Hujaazima Suti: Mwongozo kwa Mwanachuo wa Uhasibu Anayezinyemelea Kampuni za Ukaguzi

Tuanze na suti, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Azima. Wenzako bwenini wanaazima, na kila chuo kina suti moja ya kijivu iliyokwisha kufanya usaili mara nyingi kuliko mwanachuo yeyote aliyewahi kuivaa. Hakikisha mikono yake haifuniki vidole, ipige pasi, kagua mifukoni kama mwenye nayo hajasahau nauli yake, basi. Muda unaobaki ni mwingi, na una kazi moja: kujifunza kuona namba na papo hapo kutaka kujua imetoka wapi. Kampuni ya ukaguzi inatafuta mtu wa namna hiyo. Nimekaa upande wa wanaouliza maswali, na inaniuma kila ninapomwona kijana mwenye alama nzuri anashindwa jambo ambalo angelijifunza bila gharama, hatua chache kutoka lango la chuo.

Hatua hizo chache zinakupeleka kwa mama lishe. Hiyo ndiyo fildi yako ya kwanza. Fildi ya chuo utaifanya pia, na huenda ukapangiwa wiki nane za kutoa fotokopi na kupanga mafaili, lakini kwa mama lishe utapewa biashara nzima uiangalie. Nenda saa ambazo wateja wamepungua. "Shikamoo mama. Naomba nikushikie daftari la mauzo mwezi huu." Atakutazama kwa mashaka na kukuonya usimletee watu wa TRA. Mtoe hofu, kisha kaa karibu na sufuria.

Tuseme siku hiyo zimetoka sahani 50 za wali maharage, kila sahani shilingi 2,000. Kopo linapaswa kuwa na 100,000. Mnahesabu jioni, mnakuta 81,000. Sasa anza kazi. Vijana watatu wa bodaboda wamekula kwa mkopo: 6,000. Mtoto wa shule kapewa nauli na hela ya daftari: 3,000. Mchango wa kikoba umechukuliwa humo humo: 5,000. Sahani mbili zimepelekwa nyumbani kwa bibi: 4,000. Jumla 18,000. Hapo umeshakutana na wadaiwa, umekutana na matumizi binafsi ya mwenye biashara, na umeona kwa macho yako kwa nini mfuko wa biashara na mfuko wa mwenye biashara hutenganishwa. Darasani ulilikariri hilo. Hapa limekutoa jasho.

Imebaki 1,000 isiyo na maelezo. Hiyo ndiyo mwalimu wako mkubwa. Utaikimbiza mpaka usiku au utaiacha? Kwa mauzo ya siku moja ni asilimia moja tu, pengine chenji ilizidishwa. Lakini ikikosekana 1,000 kila siku, kwa mwezi ni 30,000, na hilo si kosa la chenji tena: kuna mkono kwenye kopo. Mkaguzi anaishi na swali hili kila siku ya kazi yake: tofauti ya kiasi gani inaweza kumpotosha anayezisoma hesabu hizi, na ndogo hii ina tabia ya kujirudia? Ukiulizwa kwenye usaili utoe mfano wa tatizo ulilowahi kulitatua, wenzako watasimulia jinsi walivyokuwa viongozi wa kikundi cha mjadala. Wewe simulia kopo la mama lishe kwa namba zake. Meza nzima itainua vichwa.

Kabla ya meza hiyo kuna mtihani wa namba, na huo una maswali mengi na dakika chache. Hapa wahasibu tunajidanganya, tunadhani hesabu ni zetu. Chukua risiti ya EFD ya shilingi 118,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani yake. VAT ni kiasi gani? Anayekimbilia kikokotoo anapiga asilimia 18 ya 118,000 na kuandika 21,240, na jibu hilo limewekwa pale likimsubiri. VAT ni 18,000, kwa sababu 118,000 tayari ni bei pamoja na kodi. Fanya mazoezi ya aina hiyo kwa saa ya ukutani, ya asilimia, uwiano na kusoma majedwali, wiki kadhaa kabla. Usiku wa kuamkia mtihani, lala.

Kisha usaili wenyewe. Lipo swali ambalo lazima uweze kulijibu ukiamshwa usiku wa manane: uchakavu ukiongezeka kwa shilingi milioni moja, nini kinatokea kwenye taarifa za fedha? Jibu polepole. Faida kabla ya kodi inashuka milioni moja. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, hivyo kodi inapungua 300,000 na faida baada ya kodi inashuka 700,000. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na ile hasi ya 700,000, unairudisha milioni moja kwa sababu uchakavu hautoi fedha mfukoni, unabaki na ongezeko la 300,000. Kwenye mizania, mali za kudumu zimeshuka milioni moja, fedha zimepanda 300,000, na upande wa pili faida limbikizo imeshuka 700,000. Pande zote mbili zimeshuka sawasawa.

Wengi wanaofika hapo wanashusha pumzi na kutabasamu. Wewe usinyamaze. Sema kwamba hesabu hiyo inachukulia kuwa TRA wanaukubali uchakavu wa vitabu vyako, na TRA hawaukubali: sheria ya kodi ya mapato ina viwango vyake, kwa mfano asilimia 37.5 kwa kompyuta na 12.5 kwa samani za ofisi, vinavyopigwa kwenye thamani inayobaki. Tofauti kati ya vitabu na kodi ndiyo inayozaa kodi iliyoahirishwa. Sentensi hizo mbili zinamwonyesha anayekuuliza kwamba hukukariri, na kwamba unajua uko nchi gani.

Usaili mwingi utakuwa kwa Kiingereza, na najua wapo wanaojua kila kitu mpaka pale wanapotakiwa kufungua mdomo. Dawa ni kulielewa jambo kwa Kiswahili kwanza, ulieleze kwa sauti mpaka mama lishe akubali, ndipo ulirudie kwa Kiingereza mbele ya mwenzako asiyekuonea haya. Ukilijua jambo kwa Kiingereza cha kitabu pekee, swali likigeuzwa kidogo tu unabaki mtupu.

Sasa kusoma. Usinunue vitabu vya siri za usaili. Mwishoni mwa Machi kila mwaka CAG anamkabidhi Rais ripoti zake, zikishafika bungeni zinawekwa hadharani, na zipo za Kiswahili safi. Wananchi wanasoma vichwa vya habari. Wewe soma hoja yenyewe ilivyojengwa. Utaona sheria au utaratibu ulitaka nini, mkaguzi alikuta nini, kwa nini imetokea, hasara yake ni ipi, na anapendekeza nini. Chukua hoja tatu, funika mapendekezo, andika ya kwako, halafu linganisha. Ni mafunzo ya ukaguzi ya bure kabisa, na sijui kwa nini vyuo haviyafanyi kuwa somo la lazima.

Humo humo utajifunza jambo linalowatoa jasho hata wenye shahada. Halmashauri ikipata hati safi, mtaani watu wanasema hakuna aliyekula. Si hivyo. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango na hazina kosa kubwa la kupotosha. Fedha inaweza kutumika hovyo na bado ikaandikwa vizuri mno kwenye leja. Ukiweza kulieleza hilo kwa utulivu, umeeleza nusu ya taaluma.

Magazeti nayo yana faida. Kila robo mwaka benki zinatangaza hesabu zao humo. Shika benki moja, ifuatilie mwaka mzima: mikopo imekua kiasi gani, mikopo chechefu inapanda au inashuka, gharama zinakimbia kuliko mapato? Soma na maelezo ya hesabu zao za mwaka, utafute IFRS 16, kiwango kilichoanza kutumika Januari 2019. Kabla yake, pango la matawi lilipita kama gharama ya kawaida. Sasa haki ya kulitumia jengo imekaa kwenye mali, na deni lake limekaa kwenye madeni. Kiwango kimoja ulichokiona kwenye hesabu za benki unayoifahamu kina faida kuliko ishirini ulivyovitaja kwa namba.

Wasifu wako, yaani CV, ndio hesabu ya kwanza utakayokaguliwa, na nyingi zinapata hati yenye shaka. Fildi imeanza Agosti na kuisha Juni ya mwaka ule ule. Jina la chuo limekosewa herufi, na ni chuo unachosoma. Unaandika kwamba wewe ni mchapakazi unayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu, bila ushahidi hata mmoja. Futa. Andika ulichofanya na kiasi chake: ulisuluhisha hesabu za benki za miezi mingapi, ulikuta hundi ngapi hazijapita. Ukiandika kwamba unaimudu Ekseli, jiandae kuulizwa utazipataje ankara zilizojirudia katika orodha ya ankara 4,000. Kuna COUNTIF, kuna jedwali egemeo, na kuna kukodoa macho kutoka juu mpaka chini. Hiyo ya tatu usiitaje.

Ijue pia nyumba unayoingia. NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Fika kwenye usaili ukiwa na mpango: unafanya masomo yapi, lini. Na usijiite CPA kwa kufaulu karatasi pekee. Cheo hicho kinadai na miaka ya kazi.

Kuhusu koneksheni nitasema wazi, maana ndiyo inayowakatisha tamaa watoto wa watu wasio na mjomba ofisini. Ipo. Wapo wanaofahamiana na watu. Lakini mtihani wa namba haumjui mjomba wa mtu, na ukaguzi unaanguka usipofanywa na wanaoweza, kwa hiyo nafasi yako ni ya kweli. Kumwandikia mhitimu wa chuo chenu aliye ndani ya kampuni, ukamuuliza kwa adabu kazi yake ikoje, si dhambi, fanya. Kumlipa mtu anayekuahidi usaili ni kuibiwa. Hakuna kampuni halali ya ukaguzi inayouza usaili. Bumu lako la HESLB lisiishie huko.

Wala usidhani dunia ni Deloitte, EY, KPMG na PwC peke yake. NBAA ina orodha ya kampuni zilizosajiliwa, na nyingi ni za Watanzania wachache wenye ofisi ya vyumba viwili. Huko kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kushika faili zima, kutoka urari mpaka rasimu ya ripoti, wakati mwenzake wa kampuni kubwa msimu wote anahakiki mstari mmoja wa benki moja. Omba kote.

Litakuja swali la maadili, na hili usilifanyie maigizo. Utaambiwa: mteja amekupa mfuko wa sukari kilo tano na kukuomba uandike kwamba ghala limehesabiwa lote, ingawa mlango mmoja haukufunguliwa. Utafanyaje? Unarudisha sukari, unaandika kwamba mlango haukufunguliwa, unamwarifu mkuu wako siku hiyo hiyo. Na ujue uzito wa jibu hilo. Miaka ya 1980 kampuni kubwa za ukaguzi duniani zilikuwa nane. Kuungana kukazifanya sita mwaka 1989, kisha tano mwaka 1998. Zikawa nne mwaka 2002 kwa sababu Arthur Andersen, iliyokuwa mkaguzi wa Enron, iliporomoka baada ya nyaraka za kazi hiyo kuharibiwa. Maelfu ya wahasibu ambao hawakuigusa Enron hata siku moja walipoteza kazi.

Barua ya ajira ikifika, sherehekea, halafu isome yote. Uliza kama utapewa likizo ya mitihani ya Mei na Novemba, ada ya mitihani analipa nani, na ukiondoka kabla ya muda uliotajwa utadaiwa kiasi gani. Uliza bila kuona haya. Wewe ni mkaguzi sasa.

Waarifu na nyumbani mapema kwamba Desemba 31 huenda usiwepo. Mteja anayefunga mwaka siku hiyo anahesabu ghala siku hiyo, na anayepangiwa ghala ni mgeni wa ofisini. Vaa viatu vinavyofunika vidole, beba kalamu mbili. Kwanza chagua marobota kadhaa sakafuni, uyatafute kwenye orodha; hapo unakamata mzigo ulioachwa nje ya hesabu. Kisha chagua mistari kwenye orodha, mwambie mtunza ghala akupeleke mzigo ulipo; hapo unakamata mzigo ambao haupo. Na uombe kila mlango ufunguliwe.